Vidole vitatu vya mama

Kwa kipimo cha mama, shimo la kikaango cha vitumbua lina upana wa vidole vitatu na kina cha pingili moja ya kidole cha shahada. Nilimpigia simu kumwuliza usiku mmoja wa Juni 2020, mimi nikiwa Lubumbashi, Kongo, yeye Tanga, nikidhani atatafuta rula ya wajukuu. Nikasikia kiti kikiburutwa, nikasikia chuma kikigonga sakafu, kisha akarudi na jibu hilo. Nikamwambia, "Mama, fundi anataka sentimita." Akaniuliza, "Kwani fundi huyo hana vidole?"

Alikuwa navyo, tena vinene. Nitafika huko.

Mama aliuza vitumbua Ngamiani, kwenye kibaraza cha nyumba yetu, tangu sijaanza shule hadi nilipomaliza. Mchele aliuloweka mchana. Baada ya Isha aliusaga, akauchanganya na tui, sukari, iliki na hamira, akaufunika na kulala. Saa kumi alfajiri moto ulikuwa umeshawaka, na mimi na dada yangu tulipokezana kugeuza kabla ya kwenda shule. Kitumbua tulikigeuza kwa spoku ya baiskeli iliyonyooshwa na kunolewa ncha. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo spoku hazikutupungukia hata siku moja. Nilichukia moshi, na nilichukia zaidi kuingia darasani shati likinuka mafuta. Lakini mkono ulijifunza bila kuniuliza. Hata leo nikiona kitu cha duara kinaiva, vidole vinataka kukichokoa pembeni na kukipindua.

Lubumbashi nilikuja 2019, kazi ya uwakala wa forodha. Malori yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanapita Tunduma, yanaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, na kutoka hapo mpaka mjini ni kilomita zisizotimia mia. Yanakuja na mashine, salfa na vipuri vya migodini, yanarudi na shaba na kobalti. Si biashara ngeni. Msiri, mtawala aliyetoka Unyamwezi na kuweka makao yake Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891, alitajirika kwa njia hiyohiyo ya kati ya huku na pwani: shaba na pembe za ndovu zikitoka, nguo na bunduki zikiingia.

Njaa sikuwa nayo, nisije nikaeleweka vibaya. Lubumbashi watu wanakula vizuri. Bukari ni ugali wetu, ila wao wanausonga ukawa laini zaidi. Sombe ni kisamvu, na sombe ya hapa iliyokolea mawese imenishinda nguvu mpaka leo. Kuna thomson, yule samaki wa barafu ambaye kila nyumba inamjua, na jioni kuna michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayokatwa vipande na kufungwa kwenye karatasi pamoja na vitunguu na pilipili. Pilau nayo haikunipa shida yoyote. Pilau ni viungo na subira, na bizari ya pilau haina uzito kwenye begi. Hamu ya kwetu ilinijia kwa saa yake maalumu, alfajiri, kati ya adhana na chai, pale mwili unapodai kitu kitamu cha moto chenye uchachu kidogo, na mkate wa dukani haukidhi.

Siku moja nikamwuliza jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ua wetu unapakana, kama hapa mjini naweza kupata vitumbua.

"Bitumbula? Biko mingi! Pale kwa barabara, asubuyi."

Nililala nikiwa na furaha ya mtoto. Asubuhi nikaenda, nikaonyeshwa karai la mafuta na ndani yake maandazi ya duara ya unga wa ngano, yanaelea. Mazuri, ya moto, lakini si hayo. Ng'ambo ya mpaka, kwenye miji ya shaba ya Zambia, nako wanaita vitumbuwa na nako ni ngano. Jina limefika mpaka huku bila mchele na bila nazi. Nilinunua vitano, nikala vyote nimesimama, na nikaamua hapohapo kwamba vyangu nitavipika mwenyewe.

Anayedhani kitumbua ni andazi la mchele hajawahi kukipika. Uji wake ni mwepesi, ukiumwaga kwenye kikaango bapa unatambaa na kuwa chapati za maji. Ukiudondosha kwenye mafuta mengi unatawanyika kama povu. Nilifanya yote mawili. Kitumbua kinahitaji shimo lake. Mafuta kijiko kimoja tu chini, uji unajaa mpaka karibu na ukingo, upande wa chini unakaangika huku hewa ya hamira ikipanda na kuacha vitundu. Unatakiwa kukipindua katikati bado hakijashika, ili ule uji mbichi uliobaki juu umwagikie chini ya shimo na kujenga nusu ya pili. Ukichelewa, unapata bakuli lililogeuzwa. Ukiwahi, kinachanika. Muda wenyewe hauhesabiki kwa saa. Unausoma ukingoni, rangi inapoanza kuwa ya asali na ukingo unapojitenga na chuma.

Kikaango cha namna hiyo sikukiona duka lolote la mjini. Ningeweza kuagiza kutoka Tanga, na dereva mmoja aliahidi, kisha mpaka ukafungwa kwa abiria na mambo ya mwaka 2020 yakawa kama yalivyokuwa kwa kila mtu. Ndipo jirani akaniambia niende Katuba kwa mafundi wa sufuria.

Mafundi hawa wanayeyusha aluminiamu ya mabaki: vichwa vya injini, fremu za madirisha, sufuria zilizotoboka. Fundi niliyemkuta ni mzee mwembamba wa mwili na mpana wa mikono. Nilimchorea kwenye karatasi: duara kubwa, mashimo saba ndani, moja katikati na sita yamelizunguka, na mpini. Akatazama muda mrefu. "Ni ya kufanya nini, baba?" Nikamweleza. Akataka vipimo, nikampa vidole vitatu vya mama. Akaweka vidole vyake mwenyewe juu ya ubao, akachora, na sikumzuia. Ningewezaje? Vidole vya mama havikuwa pale.

Alichonga kielelezo cha mti kwa siku mbili. Siku ya tatu niliomba kukaa nimwangalie. Alichekecha mchanga mweusi wenye unyevu kwenye fremu mbili za mbao, akashindilia kielelezo katikati, akapindua, akashindilia tena, akafungua na kukitoa taratibu kama anayemtoa mtoto usingizini. Kikabaki kivuli cha kikaango ndani ya mchanga. Kisha aluminiamu ikamiminwa, na kwa muda mfupi ule hakuna aliyezungumza.

Nilikumbuka misalaba ya shaba niliyoiona kwenye makumbusho ya mji. Watu wa nchi hii waliimimina kwenye kalibu karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya madini kufika, wakaitumia kama fedha. Bendera ya Katanga, jimbo hili lilipojitenga na Kongo miaka ya 1960 hadi 1963, ilikuwa na mitatu. Huwa inanikera kusikia watu wakizungumzia Lubumbashi kama mji wa mashimo ya migodi tu. Kilichokuwa mbele yangu Katuba ni ujuzi wa mikono, na mzee yule alinimiminia kifaa ambacho hakuwahi kukiona maishani kwa kusikiliza tu.

Kikaango kilitoka na kasoro moja. Mti wa kielelezo ulikuwa na ufa mdogo, na ufa ule ulibaki kama mstari uliozama ndani ya shimo la katikati. Fundi aliona, akataka kuyeyusha upya. Nilikataa. Mashimo yenyewe yalikuwa makubwa kuliko ya mama, kwa kiasi cha kidole kizima. Vitumbua vyangu vya Lubumbashi ni vikubwa kwa sababu vidole vya fundi ni vinene, na kila cha saba kina mstari mgongoni.

Aluminiamu si chuma. Chuma cha mama kinapata moto polepole na kuushika. Hiki changu kinaupokea upesi, na makaa yakijaa katikati, shimo la kati linaungua kabla ya yale sita kuanza kuiva. Mara ya kwanza vyote saba vilinasa, nikavikwangua kwa kijiko. Mama akanifundisha kwa simu: chumvi ya mawe ndani ya kila shimo, moto mdogo mpaka chumvi ibadilike rangi, pangusa, paka mafuta, rudia siku tatu. Na makaa niyapange duara, katikati niache wazi. Hapa makaa, yale yale ya kwetu, yanaitwa makala, na yanawashwa kwenye babula, yaani jiko la makaa, na babula ya bati ina kifua kipana, kwa hiyo duara linapangika vizuri. Jiko la umeme ninalo pia, lakini umeme wa huku siwezi kuukabidhi uji ulioumuka usiku kucha.

Spoku niliipata kwa wale vijana wanaoleta makala mjini kwa baiskeli, magunia yamepangwa mpaka yanazidi kichwa cha anayesukuma. Mmoja alikuwa anabadilisha gurudumu pembeni ya barabara. Nilimwomba spoku iliyovunjika, akanipa na kukataa pesa. Kila ninapogeuza kitumbua naliona gunia lile, na miti ya miombo iliyokuwa ndani yake. Ukitoka nje ya Lubumbashi siku hizi unaendesha muda mrefu kabla ya kuiona miti mikubwa. Kwa hiyo napika mara mbili kwa wiki, si kila siku, na makala yakibaki nayazima kwa mchanga niyatumie tena.

Sasa nazi. Nilipouliza, niliambiwa niende Kenya. Kenya ni mtaa wa hapa mjini wenye soko kubwa, na kwa mtu wa Tanga, ambaye Kenya kwake ni nchi ya kwendea kwa basi la asubuhi, kuambiwa hivyo kulinisimamisha kidogo. Nilikwenda. Walinielewa niliposema "coco", kwa Kifaransa. Nazi zilikuwepo, chache, kavu, na bei ya moja ingeninunulia nne nyumbani. Nilizitikisa sikioni moja baada ya nyingine kama mama alivyonifundisha, kusikiliza maji. Isiyo na maji imeshaharibika, hata kama ganda linang'aa.

Mbuzi wa kukunia nilikuja naye kutoka Tanga chini ya begi, na ni moja ya maamuzi ya busara niliyowahi kufanya. Jirani aliponiona nimekikalia kibao, nakuna, alikuja mpaka karibu. Nilimwambia kinaitwa mbuzi. Alirudia neno hilo mara mbili, akatazama lile jino la chuma, akasema ni kweli, kina pembe.

Lakini nazi haipatikani kila wiki, na hapo nililazimika kufikiri. Watu wengi walio mbali na kwao, kiungo kikikosekana, wanachukua chochote cheupe kilicho karibu: maziwa ya unga, maziwa ya ng'ombe, krimu. Mimi nadhani kwanza uulize kiungo hicho kilikuwa kinafanya kazi gani ndani ya chungu. Kwenye wali wa nazi, tui ni mafuta na harufu, na lina safu mbili: kasimile, lile zito la mkamuo wa kwanza, na tui jepesi la mkamuo wa pili. Wali unaanza na jepesi, zito linaingia mwisho. Tui la kopo ni zito tupu, na makopo mengi yametiwa vitu vya kulishikiza ili mafuta na maji visitengane. Ukilitumia lote mara moja wali unakuwa mzito na haunukii. Ligawe, nusu uizimue na maji, nusu uiache, na utapata kitu kilicho karibu sana na cha nyumbani.

Kwenye mboga nilisalimu amri kwa furaha. Jirani anatwanga karanga mbichi, anazichuja na maji ya uvuguvugu, anamwagia kwenye lengalenga, ambayo sisi tunaiita mchicha. Ile karanga inashika mboga kama tui linavyoshika, na ina utamu wake ambao hauombi ruhusa kwa nazi. Leo hata nikiwa na nazi, mchicha wangu naupika na karanga. Maharage pia. Matembele yalinigusa kwa namna nyingine, maana nilikuta jina ni lile lile, Tanga na Lubumbashi, na majani ni yale yale.

Kwenye vitumbua karanga imeshindwa. Nilijaribu mara tatu, kwa nia njema kabisa. Uji unakuwa mzito, unashika rangi nje haraka kabla ndani hakujaiva, na ladha ya karanga inaifunika iliki. Kitumbua bila iliki mbele yake, kwangu mimi, hakistahili jina. Kwa hiyo kwenye vitumbua ni nazi au kopo. Vikikosekana vyote, sipiki.

Uji wenyewe una tabia zake kwa mwinuko huu. Lubumbashi iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye joto dogo kuliko Tanga, kama nyuzi 96. Maharage yangu ya mwaka wa kwanza yalikuwa magumu mpaka nilipoelewa hilo. Uji wa vitumbua unasumbuliwa zaidi na usiku. Juni na Julai ni baridi kali ambayo mtu wa pwani haiwazii anaposikia neno Kongo. Mara ya kwanza niliamka saa kumi na kukuta uji umetulia kama maji ya mtungi, bila povu hata moja. Sasa miezi hiyo ninaufunga kwa blanketi na kuuweka karibu na babula iliyotoka kupikia chakula cha jioni, majivu yakiwa bado na uvuguvugu. Oktoba ni kinyume chake. Ukiulaza na hamira ya kawaida unaamka unakuta sakafu nyeupe.

Ramadhani ya 2025 ilianza Machi, mvua zikiwa bado zinapiga mabati kila alasiri. Saa zetu ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, lakini jua halifuati saa. Tanga wanafuturu kama robo tatu ya saa kabla yetu. Nikiwa bado naipanga babula chini ya kibaraza, ujumbe wa sauti wa mama ulikuwa umeshaingia, na nyuma ya sauti yake nilisikia vikombe, wajukuu, mtu akiomba aongezewe uji. Nilikuwa nausikiliza huku nageuza. Nikimaliza kundi la kwanza naweka vitumbua sita kwenye sahani, naifunika kwa kitambaa, naipitisha juu ya ukuta kwa jirani. Yeye ni mtu wa kanisa, hafungi, lakini alikataa kula kabla sijafungua mimi. Alivishika mpaka aliposikia nimesema bismillahi.

Siku ya kwanza alikiangalia kitumbua kwa makini, akakipasua, akanusa.

"Hii haiko kitumbula, mwana wangu. Hii njo kitu ingine."

"Ni kitumbua cha kwetu, mama. Cha mchele."

"Shiye tunatiaka farini." Yaani unga wa ngano. Akala chote. Akachukua cha pili. "Hii njo ya mama yako?"

"Ya mama yangu."

"Umuambie iko muzuri. Lakini aongeze sukari."

Sahani haikuwahi kurudi tupu. Ilirudi na karanga mbichi za kuchemsha, na uyoga wa mvua, na siku moja mahindi mawili ya kuchoma yaliyokuwa bado yanachoma vidole. Ujumbe wa sukari niliufikisha kama ulivyo. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema mwambie jirani yako huko baridi ndiyo inayomdai sukari. Tangu hapo sahani ya jirani inatoka bakuli lake tofauti, kijiko kimoja cha ziada.

Agosti iliyofuata nilipita Soko la Mzee kununua ndoo. Kwenye meza ya sufuria, katikati ya vifuniko na miiko, nikaviona vikaango vitatu vya mashimo saba. Nilikichukua kimoja na kukigeuza kwenye mwanga. Shimo la katikati lilikuwa na mstari uliozama, pale pale. Fundi wa Katuba hakukitupa kielelezo chake. Muuzaji akaniambia vinatoka sana, watu wanakaangia mayai, na mama fulani pembeni ya soko anapikia bitumbula.

Nikamfuata. Alikuwa amekaa nyuma ya babula, ameyapanga makala yote katikati, na kile cha shimo la kati kilikuwa kinamuungulia. Uji wake ulikuwa wa ngano, mzito, wenye sukari nyingi, na aligeuza kwa uma. Nilinunua vinne. Nilipoviweka kwenye kiganja, kimoja kilikuwa na mstari mgongoni. Nikamwonyesha jinsi ya kusogeza makala yawe duara, akasogeza, akanitazama, akaendelea na kazi yake.

Nilimtumia mama ujumbe wa sauti nikiwa njiani kuelekea kwenye gari. Nilimweleza yote, mstari, mashimo, vidole vyake vitatu vilivyopitia vidole vya fundi mpaka vikafika sokoni kwa mtu asiyemjua. Nilikuwa na mengi zaidi ya kusema. Jibu lake liliingia kabla sijawasha injini.

"Kimoja anauza ngapi? Na anauza asubuhi tu au mpaka jioni?"

Sikuwa nimeuliza. Nikafunga mlango wa gari, nikarudi.